Kusikiliza mbolezi za nyuzi: namna ya kuwaingia Penderecki na Crumb

Mwongozo huu ni wa mtu aliyewahi kufungua kipande kiitwacho Threnody to the Victims of Hiroshima (Mbolezi kwa Wahanga wa Hiroshima), akasikia fidla zinapiga mayowe, akakizima kabla dakika moja haijaisha. Ni wa yule pia ambaye hajawahi kukisikia ila ameambiwa ni kazi kubwa na hataki kuonekana mshamba. Wote wawili wana kila sababu ya kukimbia. Hakuna wimbo wa kushika, hakuna mapigo ya kutikisia mguu, hakuna pa kuitikia.

Tutashughulika na kazi mbili. Ya kwanza ni hiyo ya Krzysztof Penderecki, Mpolandi, iliyotungwa mwaka 1960 kwa ajili ya wapigaji 52 wa ala za nyuzi: fidla 24, viola 10, selo 10 na besi 8. Ya pili ni Black Angels (Malaika Weusi) ya Mmarekani George Crumb. Hii ina wapigaji wanne tu, lakini ala zao zimeunganishwa na umeme, na mtunzi aliikamilisha Machi 1970, Vita vya Vietnam vikiwa bado vinaendelea.

Ninachokiamini ni hiki: anayezisikia kazi hizi bila kujua sauti inatoka sehemu gani ya ala husikia vitisho tu. Anayejua mkono wa mpigaji unafanya nini huanza kusikia kilio. Ndiyo maana hatua kadhaa hapa chini zinahusu mikono na vyombo kabla hazijagusa historia.

Hatua ya 1: Chumba, sauti na saa

Usitumie spika ya simu. Spika ndogo hula sauti nzito za besi, na kazi ya Penderecki inaishia kwa sauti ndogo mno ambayo simu haina uwezo wa kuitoa. Tafuta hedifoni za kufunika masikio, au redio yenye spika mbili zilizoachana.

Penderecki anaanza kwa nguvu bila kupiga hodi, na Crumb ndiyo zaidi. Fungua sekunde chache za mwanzo, pandisha sauti mpaka ikusumbue kidogo, ishushe kidogo, kisha usiiguse tena hadi mwisho. Wengi hukosea hapo. Wakifika penye ukimya wanaongeza, halafu kelele inayofuata inawarukia, wanachukia kazi yote kwa kosa la kidole chao wenyewe.

Chagua saa ambayo mtaa umetulia. Na kama unasikilizia mtandaoni, hakikisha hakuna matangazo, kwa sababu tangazo la sabuni likiingia katikati ya maombolezo ya Hiroshima, jioni yako imeharibika na huna wa kumlaumu.

Hatua ya 2: Panda ngazi moja kwanza

Kama masikio yako hayajawahi kabisa kukaa na muziki wa ala tupu wa Ulaya, anza na kwarteti ya nyuzi (kazi ya wapigaji wanne) namba 8 ya mtunzi Mrusi Dmitri Shostakovich. Si muziki wa majaribio, una nyimbo unazoweza kuzifuata, na unachukua kama dakika 20. Aliiandika kwa siku tatu, Julai 1960, huko Gohrisch karibu na Dresden, mji uliokuwa umeteketezwa kwa mabomu mwaka 1945. Aliitabaruku kwa kumbukumbu ya wahanga wa ufashisti na vita, ingawa katika barua kwa rafiki yake alieleza kwamba aliitunga kwa ajili ya kujikumbuka mwenyewe. Nota nne za mwanzo zimetokana na herufi za jina lake. Katika sehemu ya nne kuna uzi mmoja unaoshikilia sauti nyembamba, na nyuzi nyingine zinaugongea mapigo matatu mazito. Wapo wanaosikia mabomu, wapo wanaosikia hodi ya askari usiku wa manane. Kaa na mapigo hayo matatu. Ukiyaelewa, uko tayari.

Hatua ya 3: Jifunze mkono unafanya nini

Fidla tuliyoizoea kwenye taarab hutoa sauti pale upinde unapopita juu ya nyuzi, katikati ya daraja (kile kibao kinachoziinua nyuzi) na mahali vidole vinapobonyeza. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya chombo kizima. Penderecki, ambaye mwenyewe alijifunza fidla tangu utotoni, aliuliza swali ambalo mtoto yeyote aliyeachiwa fidla chumbani angeliuliza: kwingine kote je, kunatoa sauti gani?

Majibu yake ndiyo yanayokutisha. Kuna sauti ya upinde ukipita nyuma ya daraja, kwenye kile kipande kifupi cha nyuzi kinachoelekea mkiani: mlio mkali, mkavu, usio na nota inayotajika. Kuna upinde ukisuguliwa juu ya daraja lenyewe, au juu ya kile kishikizo cha nyuzi mkiani, ukatoa mkwaruzo. Kuna kugonga tumbo la fidla kwa ncha za vidole au kwa kisigino cha upinde. Kuna kutetemesha upinde kwa kasi yote mkono unayoiweza bila kuhesabu mapigo. Na kuna alama moja ya pembetatu nyeusi inayoelekea juu, ambayo maana yake ni: piga sauti ya juu kabisa ambayo chombo chako kinaweza kuitoa. Haijatajwa ni sauti gani. Kila mpigaji anapanda hadi kikomo chake, na kwa kuwa vyombo na vidole havifanani, fidla 24 zinafika mahali tofauti. Yale mayowe ya mwanzo yanatoka hapo. Hawajakosea wala ala hazijapotea tyuni. Wameambiwa wafike mwisho wa uwezo wao, na mwisho wa kila mtu uko pake.

Sasa jaribu mwenyewe, na tafadhali usiruke sehemu hii. Ukiwa na gitaa au udi, chokoa nyuzi kule kwenye vigingi vya kukazia, ng'ambo ya pale zinapoanzia kupigwa. Halafu gonga tumbo la chombo kwa vidole vinne haraka haraka, na telezesha kidole kwenye uzi mnene kutoka juu hadi chini huku ukiuchokoa. Dakika tano zinatosha. Utakaporudi kwenye kazi ya Penderecki utaanza kutambua: huku ni kugonga tumbo, hiki ni nyuma ya daraja, huku ni kuteleza.

Kwa Crumb utahitaji vitu vya jikoni na vya fundi cherehani. Chukua bilauri tatu au nne za kioo chembamba, zenye mguu, utie maji kwa viwango tofauti. Lowesha kidole, kizungushe taratibu kwenye mdomo wa bilauri bila kukandamiza, mpaka iimbe. Ukiongeza maji, sauti inashuka. Crumb anawataka wapigaji wake wazipige bilauri za namna hiyo kwa upinde wa fidla, na sauti yake ni hiyohiyo ikiwa imenyooka zaidi. Kisha vaa kastabini kidoleni ugonge nyuzi za gitaa, na baada yake chokoa uzi kwa kibanio cha karatasi cha chuma. Vyote hivi vimo katika Black Angels. Wapigaji wake wanapewa pia manyanga na patu kubwa mbili, na wakati mwingine wanaambiwa wanong'one, wapige kelele, au walize ulimi kinywani.

Neno moja kwa wenye masikio ya taarab. Penderecki hutumia sana robo za sauti, zile zinazokaa katikati ya nota mbili za piano. Mzungu aliyelelewa na piano huzisikia kama makosa. Aliyekulia karibu na taarab asilia ya Unguja, yenye fidla, udi na kanuni, na maqam (ngazi za sauti) zilizotoka Misri, ameshazoea kwamba kati ya nota na nota kuna vyumba. Tofauti ni kwamba katika maqam robo moja inapambwa na kupewa nafasi yake, lakini kwa Penderecki robo zote zinapigwa kwa pamoja, zikawa rundo moja. Hata hivyo unaanza ukiwa na akiba ambayo wengi hawana, itumie.

Hatua ya 4: Msikilize Penderecki mara mbili

Mara ya kwanza, sahau Hiroshima. Sisemi hivyo kwa dharau. Mtunzi mwenyewe alipoiandika hakuwa na Hiroshima kichwani. Kazi ilipowasilishwa kwenye shindano la watunzi la Katowice mwaka 1960 iliitwa 8'37", yaani urefu wake kwa dakika na sekunde, na ikashika nafasi ya tatu. Alikuja kueleza baadaye kwamba kwake ilikuwa kitu cha kufikirika tu hadi pale kondakta (mwongoza okestra) Jan Krenz alipoirekodi. Aliposikia nyuzi halisi zikilia, uzito wa huzuni yake ulimshtua mwenyewe. Ndipo akatafuta inafanana na nini, akaitoa kwa wahanga wa Hiroshima.

Isikilize basi kama mtu asiyejua jina. Tafuta video inayoonyesha karatasi za nota zikienda sambamba na muziki, zipo nyingi. Utaona kwamba hakuna mistari ya kugawa mapigo kama kawaida, bali chini ya ukurasa kuna sekunde. Utaona pembetatu nyeusi. Utaona mistari minene ya wino inayopanuka na kusinyaa: hayo ndiyo marundo, na unene wa wino ni upana wa rundo. Mtu asiyesoma nota hata moja anaweza kuufuata ukurasa huo kwa kidole, na hiyo ni ajabu ya kupendeza katika muziki unaosemwa kuwa ni wa wasomi.

Mambo ya kuyatega sikio ni haya. Mwanzoni kila kundi linaingia kwa zamu na sauti yake ya juu kabisa, kisha sauti zinaanza kuyumba, nyingine polepole, nyingine haraka. Ndani ya dakika mbili za kwanza inaingia milio ya kugonga, mikwaruzo na milio ya nyuma ya daraja, vyombo vingi vikifanya mambo mbalimbali kwa wakati mmoja. Halafu marundo: selo wanaanzia sauti moja, wanafunguka taratibu mpaka inakuwa ukuta, kisha wanarudi kwenye sauti moja. Hapo ndipo mimi huwashauri watu wasimamishe wazo lote na wafuate kundi hilo moja tu, likifunguka na kufunga. Kuna kimya kinafuata. Baada yake wapigaji 36 wanagawanywa makundi matatu ya watu 12, na kila kundi linaigiza kundi lililotangulia, sauti ndogondogo zinaruka huku na huku. Usijaribu kushika chochote hapo, ni msitu. Mwisho, wote 52 wanapiga kwa pamoja, kila mmoja sauti yake, robo kwa robo, rundo la oktavi mbili (kutoka do hadi do, mara mbili). Wanaanza kwa nguvu kubwa na kwa sekunde 30 wanapungua hadi hakuna. Ndiyo maana nilikataza spika ya simu.

Pumzika. Kesho yake, au saa moja baadaye, isikilize tena kwa jina lake.

Hatua ya 5: Liweke jina mahali pake

Agosti 6, 1945, saa mbili na robo asubuhi kwa saa za Hiroshima, ndege ya Marekani aina ya B-29 iliangusha bomu lililolipuka kiasi cha mita 600 juu ya mji. Inakadiriwa kwamba hadi mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa, wengine papo hapo, wengine kwa majeraha, moto na mionzi.

Kwa msomaji wa Lubumbashi au Likasi habari hii haiko mbali hata kidogo. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na mradi wa Marekani wa kutengeneza mabomu ya atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, chini ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alikuwa ameshasafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, yakawekwa ghalani Staten Island kabla hata Marekani haijaingia vitani. Mawe yalitolewa ardhini kwa mikono ya Wakongo ambao hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Ukiisikiliza kazi hii ukiwa unazungumza Kiswahili cha Katanga, sioni vipi utaiita muziki wa mambo ya watu wengine.

Sasa swali ambalo lazima litakujia: kama jina limekuja baada ya muziki, si ni udanganyifu? Wakosoaji wamelisema hilo kwa miaka mingi, na ni kweli kwamba jina liliisaidia kazi kusafiri. Mwaka 1961 ilituzwa na jukwaa la kimataifa la watunzi la UNESCO mjini Paris, na ikaanza kupigwa huku na huko. Kipande kinachoitwa 8'37" kisingelifika mbali namna hiyo.

Mimi sikubaliani nao. Penderecki alizaliwa Dębica mwaka 1933, na utoto wake ulipita chini ya ukaliaji wa Wajerumani, katika mji ambao Wayahudi wake walifungiwa mtaa wao kisha wakapelekwa kuuawa. Mwaka 1967 alitunga Dies Irae kwa ajili ya waliouawa Auschwitz. Mtu wa namna hiyo akijisikia analia kabla hajajua anamlilia nani, simshangai. Na mwaka 1964 alimwandikia meya wa Hiroshima kumweleza kwamba anataka kazi hiyo iwe ushahidi wa imani yake kwamba sadaka ya mji ule haitasahauliwa. Alilichukulia jina kwa uzito. Lakini ukibaki na shaka, baki nayo. Kazi inaistahimili.

Kitu kimoja cha kukwepa mara ya pili: usitafute ndege, king'ora, mlipuko. Wengi husikiliza kwa namna hiyo, wanapata sinema ya vita kichwani, na sinema ikiisha hawana kingine. Muziki huu hausimulii asubuhi ile. Sikiliza badala yake jinsi watu 52 walivyokatazwa kuimba kitu kimoja kwa pamoja.

Hatua ya 6: Kwa Crumb, hesabu watu

Black Angels inachukua kama dakika 20 na ina sehemu 13. Mwisho wa nota zake Crumb aliandika kwamba imekamilika Ijumaa ya tarehe 13, Machi 1970, akaongeza maneno ya Kilatini yenye maana ya "wakati wa vita". Miezi michache nyuma, Novemba 1969, Wamarekani walikuwa wamezisoma habari za mauaji ya My Lai, ambako askari wao waliua raia wa Vietnam mwaka 1968. Aliyemwagiza kazi ni Chuo Kikuu cha Michigan, na kwarteti ya Stanley iliipiga kwa mara ya kwanza kwenye mji wa chuo hicho, Ann Arbor, Oktoba 1970. Hapohapo ndipo walimu na wanafunzi walipofanya mkesha wa kwanza wa mihadhara ya kupinga vita, Machi 1965.

Njia nyepesi ya kutopotea ni kuhesabu wapigaji. Sehemu ya kwanza wako wanne, ya pili watatu, ya tatu wawili, ya nne mmoja, kisha wawili, watatu, na sehemu ya saba, katikati kabisa, wanne. Kutoka hapo inashuka tena hadi mmoja katika sehemu ya kumi, na kupanda hadi wanne katika ya 13. Anaposema mmoja ana maana mmoja anaongoza, wengine wakimsindikiza kwa chini. Ya 1, ya 7 na ya 13 zinaitwa mbolezi, na ndizo nguzo tatu za jengo zima. Crumb aliieleza kuwa ni safari ya roho: kuondoka, kutokuwepo, kurudi.

Sehemu ya kwanza inaitwa Usiku wa Wadudu wa Umeme. Inaanza ghafla, juu kabisa, nyuzi zinatetemeka na kuteleza kwa sauti iliyokuzwa hadi inauma. Wengi husikia helikopta. Kama umetazama filamu ya The Exorcist ya mwaka 1973, sikio lako litakumbuka, kwani sehemu hii ilitumiwa humo, pamoja na muziki wa Penderecki. Huo ndio msiba wa watunzi hawa wawili: sinema imewafundisha watu kwamba sauti hizi ni za mapepo. Ndiyo maana nilikwambia ujifunze vidole kwanza.

Ukivuka hapo mambo yanageuka. Inakuja mifupa na filimbi, kengele zilizopotea, kisha fidla inayopewa sauti ya Ibilisi na ngoma ya wafu, humo Crumb akiingiza Dies Irae, wimbo wa kale wa kanisa wa siku ya hukumu. Halafu sehemu ya sita, ambayo kwangu mimi ndiyo moyo wa kazi yote. Wapigaji watatu wanashika ala zao wima kwa mtindo wa kale, upinde unapita upande usio wake, juu ya vidole, karibu na vigingi. Sauti inayotoka ni dhaifu, ya kizee, kana kwamba imevuka karne kadhaa. Na wanachopiga ni Schubert, kutoka kwenye kwarteti yake ya mwaka 1824 iitwayo Kifo na Msichana. Crumb anaukopa wimbo wa Mwaustria wa kale, anaupiga kinyume cha kanuni zote za fidla, na unakuwa kitu pekee cha kibinadamu katika ule usiku. Hapo usihesabu watu tena. Sikiliza tu.

Baadaye, sehemu ya kumi inaipa selo sauti ya Mungu. Wenzake watatu wameweka ala chini, wanapiga bilauri za maji kwa upinde, na selo inaimba wimbo mrefu, wa utulivu, ulionyooka kama wa kanisani. Kama ulifanya zoezi la bilauri utajua jinsi inavyotaka mkono usiotetereka, na wanafanya hivyo mbele ya watu.

Na Kiswahili? Kimo. Namba 7 na 13 zimetawala kazi nzima, na mahali fulani wapigaji wanahesabu, kwa kunong'ona au kwa kelele, katika lugha sita: Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihangari, Kijapani na Kiswahili. Usitegemee matamshi ya Kariakoo. Wapigaji ni wageni wa lugha na wana fidla mikononi. Wala usijivune sana, maana hesabu ile imewekwa kama ya tambiko, si kama salamu kwetu. Hata hivyo, ni jambo la kustaajabisha kukaa na muziki mgumu kiasi hicho, halafu katikati ya lugha za watu ukashtuka kwamba hii moja huhitaji kutafsiriwa.

Kwa rekodi, anza na ile ya Kronos Quartet ya mwaka 1990. David Harrington aliisikia Black Angels redioni mwaka 1973, vita vikiwa vinamsumbua kichwani na hajui apige muziki gani, na mwaka huohuo akaianzisha Kronos ili aweze kuipiga. Albamu hiyo ina pia ile kwarteti ya Shostakovich ya hatua ya 2, kwa hiyo unapata mbili kwa bei ya moja. Ukishasikiliza, tazama pia video ya onyesho. Kuona mtu anaiacha viola, anasimama, anauendea upatu, kunaondoa nusu ya ugumu.

Hatua ya 7: Kabla ya kumsikilizisha mwingine

Ukitaka kuwakusanya watu, wasizidi wachache, na uwaambie mapema kuna nini. Hii si adabu tu. Miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili, kuanzia Kivu na Ituri hadi Burundi, na katika kambi za wakimbizi Kigoma, wapo waliosikia milio ya kweli. Mtu aliyekimbia mabomu akiwa mtoto hana haja ya kurushiwa Usiku wa Wadudu wa Umeme sebuleni ili wewe uone atafanya uso gani. Muulize. Akikubali, mwanzishie sehemu ya sita au ya kumi ya Crumb, si ya kwanza, na kidhibiti sauti kiwe mkononi mwake.

Wala usizipige nyumbani kwa wafiwa, hata kama marehemu alipenda muziki. Msiba una mbolezi zake na wenyewe.

Mkimaliza, usianze kueleza. Acha watu wakae kwanza. Swali zuri la kuanzia mazungumzo ni: ni mahali gani ulitaka kutoka? Majibu hutofautiana sana, na kila jibu linakupa pa kurudi kusikiliza.

Hatua ya 8: Ukitaka kuendelea

Nenda kwa Steve Reich, Different Trains, ya mwaka 1988, iliyotungwa kwa ajili ya Kronos haohao. Kati ya 1939 na 1942 Reich, mtoto wa wazazi waliotengana, alikuwa akisafiri kwa treni kati ya New York na Los Angeles. Ukubwani akatambua kwamba, kama angelikuwa Ulaya miaka ileile, kwa Uyahudi wake angelipandishwa treni nyingine. Akachukua sauti zilizorekodiwa za yaya wake, za mhudumu mstaafu wa mabehewa, na za Wayahudi walionusurika, na kuzifanya nyuzi zifuate panda-shuka ya kusema kwao. Hakuna kelele ya kukutisha, kuna mapigo ya treni tangu mwanzo, na ni nyepesi kuliko zote nilizozitaja. Wanasema Kiingereza, lakini hata asiyekijua anaweza kuingia: fuata viola inapoongea mwanamke, na selo inapoongea mwanamume, kisha tafuta maneno mara ya pili.